Sahihi Chini ya Nailoni

Wenzangu wa kwaya wakimkumbuka Mwalimu huanza na sauti yake, halafu viatu vyake, halafu gitaa. Mimi naanza na gitaa, kwa sababu hayo mengine mawili hayakunidhuru.

Lilikuwa gitaa la mbao la rangi ya asali, la kawaida tu, la aina inayouzwa Arusha kwenye maduka yanayouza pia redio na pasi. Thamani yake yote ilikuwa chini ya tundu, upande wa kulia, ambapo palikuwa na sahihi ya mwanamuziki mzee wa dansi kutoka Dar es Salaam, mtu ambaye nyimbo zake baba zetu walizicheza kwenye harusi zao. Mwalimu alibandika juu ya sahihi hiyo kipande cha nailoni, ile ya kufunikia madaftari ya shule, akakizungushia plasta nyeupe ya hospitali pande zote nne. Plasta ya juu ilikuwa pana kuliko zile nyingine tatu. Watu walidhani mkono ulimteleza wakati wa kukata. Mkono gani? Mtu huyo alisikia soprano mmoja akichelewa nusu pumzi katikati ya waimbaji arobaini, sembuse kukata plasta.

Chini ya plasta ile pana kulikuwa na maneno. Nayajua kwa sababu nilikuwa nimesimama pale yakiandikwa, na yaliandikwa kwa ajili yangu.

Hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Alikuwa mtunza stoo wa lodge moja iliyo kwenye barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, mtu aliyekuja kutoka Kilimanjaro kutafuta kazi, na jina la Mwalimu alipewa na kwaya. Asubuhi alihesabu mashuka na mifuko ya unga, jioni alituhesabu sisi. Nadhani hakuona tofauti kubwa. Alikuwa na namna ya kupita mbele ya mistari yetu akiwa na peni mdomoni, akiigonga kwenye jino la mbele, na peni ikinyamaza mbele yako ulijua umekwisha.

Matusi yake hayakuwa na kelele. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekupa pole. Sisi Wairaqw tunaoongea kwa koo alituambia tunaimba kama watu waliokwamwa na kiazi. Mlinzi wa lodge, Mmasai kutoka Olbalbal aliyekuwa besi yetu kuu, alimwita Ng'ombe wa Tatu, na hatukuwahi kujua wa kwanza na wa pili walikuwa nani. Binti mmoja aliyechumbiwa alikuja mazoezini na pete, akiwa na furaha ya watu wawili. Mwalimu akaushika mkono wake, akaitazama pete, akasema, "Hongera. Labda yeye hasikii vizuri." Tulicheka. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi kwa sababu siku hiyo haikuwa zamu yangu. Yeye mwenyewe akikasirika Uchaga ulimjaa mdomoni mpaka nusu ya maneno hatukuyaelewa. Hakuna aliyethubutu kumwigiza, hata nyuma ya kanisa.

Silaha yake kubwa ilikuwa swali moja. Mtu wa alto akisema wimbo uko juu mno, Mwalimu aliuliza, "Gitaa ni la nani?" Mtu akiomba ruhusa aende msibani, aliuliza, "Gitaa ni la nani?" Na sisi, watu wazima wenye watoto na mashamba, tulijibu kwa pamoja, "La Mwalimu!" Baada ya jibu hilo hapakuwa na mjadala. Nimewahi kumsikia mchungaji akilijibu, halafu akacheka kidogo kuficha aibu.

Sasa nikisema alikuwa mtu mbaya tu nitakuwa nimesema uongo, na nimeapa kwamba hapa sitasema uongo hata ule wa kunisaidia. Mama yake yule mlinzi alipofariki, gari la lodge liliishia pale njia ilipoishia, na wanakwaya waliokuwemo wakaambiana kwamba rambirambi zitatosha. Mwalimu alishuka. Alitembea kwenye uwanda wa Olbalbal jua likiwa utosini, na viatu vyake vile vilivyong'arishwa, akiwa na dumu la maji begani kwa sababu alisikia kule maji yanafuatwa mbali. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyetusimulia. "Nilimwona anatoka kwenye vumbi peke yake," alisema. "Nikajua sasa yeyo wangu amekufa kweli, kama Mwalimu amekuja." Mwalimu alimpa mlinzi dumu, akamkumbatia. Halafu wafiwa walipoanza kuimba, Mwalimu akainua mkono, akawasimamisha, akawaambia warudie toka mwanzo kwa sababu wameanza chini mno. Marehemu alisubiri. Waliimba mara tatu mpaka aliporidhika ndipo wakazika.

Mlinzi alikuwa akisimulia habari hiyo kwa mapenzi. Mimi niliisikiliza nikifikiri, hata msiba wa mtu.

Nilikuwa nimetoka Buger kuja kukaa kwa shangazi yangu Karatu mjini ili nisome sekondari. Shangazi alinipeleka kwaya ili nisikae bure. Mwalimu aliniona siku moja nikiwa nimeshika mpini wa ufagio, vidole vyangu vikimwigiza yeye alivyobonyeza nyuzi, na badala ya kunitukana akanipa gitaa. Alinifundisha miaka mitatu, kila baada ya shule, bila kukosa. Nikibonyeza vibaya alinigonga vidole kwa ile peni, sehemu ya kwenye fundo ambapo hakuna nyama. Nikibonyeza vizuri hakusema kitu. Sijawahi kusikia sifa kutoka kinywani mwake isipokuwa mara moja, nilipokuwa nafagia nje ya ofisi ya mchungaji na dirisha liko wazi. "Yule wa Buger ana mkono," alisema. "Mimi sina mkono kama ule." Nilisimama na ufagio wangu mpaka waliponyamaza. Usiku ule sikula, si kwa huzuni.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule lodge ilituita tuwaimbie wageni chakula cha mchana cha Jumapili. Ndipo yule mwanamuziki mzee alipokuwepo. Alikuja na wajukuu zake kuona kreta. Tuliimba nyimbo nne, mimi nikipiga gitaa la Mwalimu na Mwalimu akiongoza. Tulipomaliza, mzee aliacha sahani yake akaja na kitambaa cha mezani kikiwa bado kimening'inia kwenye ukosi.

"Nani kapiga hilo gitaa?"

"Ni kwaya yangu, mzee," Mwalimu akasema.

"Sikuuliza kwaya ya nani, bwana mkubwa. Nimeuliza kidole cha nani."

Nikainua mkono kama niko darasani. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Buger, akasema hapajui, nikasema hakuna anayepajua. Akacheka. Akaagiza mapokezi wamletee makapeni, ile kalamu nene ya wino mweusi wanayoandikia majina ya wageni wa kupokelewa uwanja wa ndege. Gitaa lilikuwa mikononi mwangu, basi akadhani ni langu, na mimi Mungu anisamehe sikumsahihisha. Aliandika pale chini ya tundu: *Kwa binti wa Buger. Usiache.* Chini yake akatia sahihi, kubwa, yenye mkia. Mwalimu ndiye aliyemshikia kifuniko cha kalamu.

Kwenye mazoezi ya Jumanne nailoni ilikuwa imeshabandikwa, na ile plasta pana.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na nilidhani ukweli ukisemwa mbele za watu unatosha. Nikasema, "Mwalimu, pale chini ya plasta pameandikwa mimi."

Hakukasirika. Aligonga peni kwenye jino, akawageukia wote. "Gitaa ni la nani?"

Watu arobaini walinitazama. Walikuwepo pale lodge wote, walisikia kila neno. Mlinzi wa Olbalbal alitazama sakafu. Peni ikaendelea kugonga, tik, tik, na nikaelewa kwamba hawatajibu wao. Jibu lilisubiriwa kwangu.

"La Mwalimu," nikasema.

Akanipa kayamba. Nilitikisa kayamba miezi miwili nyuma ya gitaa jipya lililonunuliwa na kanisa, likipigwa na mtu ambaye hakuweza hata kupatanisha nyuzi zake, halafu nikaacha kwenda. Shangazi aliuliza mara moja tu. Sikushika tena gitaa la mtu yeyote. Neno aliloniandikia yule mzee lilikuwa moja, na ndilo nililoshindwa.

Tangu hapo gitaa lile likawa kitu cha kulindwa, si cha kupigwa. Alilifunga ndani ya velveti nyekundu iliyokuwa pazia la sebuleni kwake. Hakubadilisha nyuzi, maana kuzibadilisha ni kuliinamia na kuinama ni kupumulia sahihi, na nyuzi zikashika kutu. Kwaya iliposafiri kwenda Malambo kwa mkutano wa injili, gitaa lilikaa kiti cha mbele karibu na dereva, na mama mmoja wa alto mwenye mimba ya miezi saba alikaa nyuma juu ya mabegi njia nzima. Mtu akalalamika. Mnajua aliulizwa nini.

Na kila mgeni aliyefika kanisani alionyeshwa. "Mzee alisimama," Mwalimu alisimulia, "akaacha chakula, akaja moja kwa moja mpaka kwangu." Wanakwaya waliosimama karibu walitikisa vichwa. Miaka ilipita, na nadhani walifika mahali wakaamini. Yeye mwenyewe sijui. Kuna watu wanaosema uongo wakijua, na kuna wanaousema mpaka unakuwa nyumba wanayolala.

Mimi nilijifunza kupaka rangi na vanishi kwenye karakana ya samani, hapa hapa kando ya barabara kuu, ambapo magari ya watalii yanapita kwenda kreta na kutuachia vumbi jekundu. Sasa karakana ni yangu. Viti vingi wanavyokalia wageni wa lodge za Karatu vimepita mikononi mwangu. Watu wa huku wana imani kubwa na vanishi. Huniletea ngoma, fimbo ya babu, mlango, sanduku la sadaka, kila wanachotaka kisife, nami napaka. Na mara nyingi wako sahihi.

Mwaka jana, asubuhi moja ya ukungu, Mwalimu aliingia karakana akiwa amekumbatia ile velveti nyekundu.

Alikuwa amezeeka vibaya. Shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola, lakini viatu viling'aa. Nikamwamkia. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Alitazama viti, akapitisha kidole kwenye mkono wa kimoja. "Hiki umekipaka wewe?"

"Ndiyo."

Akakigeuza kidole chake akakikagua, kama aliyekuwa akitafuta uchafu. Hakuupata.

Kwaya ilikuwa inaadhimisha jubilei Jumapili ile, na yeye ndiye angeheshimiwa. Gitaa lingewekwa juu ya meza mbele ya madhabahu, watu wapige picha. Lakini ukungu wa miaka yote ulikuwa umeingia chini ya nailoni, ikawa nyeupe, na sahihi haionekani vizuri. Alitaka nitoe nailoni, nisafishe gundi ya plasta, halafu nipige vanishi juu ya sahihi ikae milele. Alisema hivyo hivyo, milele. Akafungua velveti, na niliona wazi kwamba hana kitu kingine duniani cha kuweka juu ya meza ile.

Nikalilaza kwenye benchi. Nilibandua plasta taratibu kwa mvuke wa birika. Ile pana niliiacha mwisho.

Sahihi ilikuwa imechujuka, rangi ya chai ya maziwa. Lakini maneno yaliyokuwa chini ya plasta hayakuwa yameona jua hata siku moja. Yalikuwa meusi kabisa, kana kwamba mzee yule ametoka kuyaandika sasa hivi. *Kwa binti wa Buger. Usiache.* Mwalimu alikuwa amelitunza neno langu vizuri kuliko sahihi yake.

Tulisimama tukiyatazama. Nilisubiri. Nilikuwa tayari kusamehe, nasema kweli, kwa sentensi moja tu, hata iliyosemwa vibaya.

Akatoa peni mfukoni, akainyoosha kwenye yale maneno bila kuyagusa. "Huo uchafu wa juu ufute," akasema. "Sahihi iache."

"Mwalimu, wino huu unatoka kwa tina tu. Na tina ikisogea chini—"

"Wewe ni fundi au si fundi?"

Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikafuta. Nilifuta kwa ustadi, herufi moja moja, kutoka *usiache* nikirudi nyuma mpaka *kwa*, na tone halikuteleza kwenda kwenye sahihi. Pamba iligeuka nyeusi. Niliitupa kwenye ndoo na nikaona anashusha pumzi.

"Sasa vanishi," akasema. "Tena nzuri."

Hapa ndipo mahali ambapo nimekuwa nikijiambia kwamba sikujua. Nilijua. Vanishi yetu imechanganywa na tina hiyo hiyo. Ukitaka kuipitisha juu ya wino, unaipuliza kwa kompresa kutoka mbali, ukungu mwembamba, unaacha ukauke, unarudia, siku nzima kwa subira. Nimewahi kuokoa hivyo majina ya maharusi kwenye sanduku la mbao. Kompresa ilikuwa pale, miguuni kwangu. Niliiruka nikachukua brashi pana ya milango, nikaichovya mpaka ikajaa, na nikaipitisha mara moja kutoka kushoto kwenda kulia.

Sahihi ilifuata brashi. Mkia wake ulijivuta mpaka ukingoni mwa gitaa, na mahali pale pakabaki doa la rangi ya kahawia, linang'aa vizuri sana.

Hakupiga kelele. Alilitazama lile doa, peni mkononi, haigongi popote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Asante, fundi."

Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniambia asante. Alilibeba gitaa kwa shingo yake, wazi, maana vanishi ilikuwa mbichi na haiwezi kufunikwa, akatoka nalo barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yanapita mfululizo kwenda getini, na niliona vumbi likilikalia. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, kwa kadiri ya kunywa kikombe cha chai. Velveti aliisahau kwenye benchi. Ninayo mpaka leo, ni nzuri kwa kufutia.

Jumapili nilikwenda kanisani, baada ya miaka yote ile, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Nilikuja kusikia nikitajwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa macho ya watu, na sitaficha, nilikuwa nayataka macho hayo. Gitaa lilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, vumbi jekundu limegandia ndani ya vanishi yake, na lile doa mbele.

Mwalimu alisimama. Aliomba kwaya radhi. Alisema kwamba mzee yule alimwandikia yeye sahihi, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, katika kupenda mno kuilinda, alipaka vanishi akaiharibu. "Mpaka brashi nilichagua mimi," alisema. Sauti yake ikakatika mahali palipotakiwa. Akina mama walilia. Mlinzi wa Olbalbal, mvi tupu sasa, alianzisha wimbo kwa besi yake, kanisa zima likasimama kumwimbia, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu yeyote arudie.

Nilimngoja mlangoni. Alikuja akishikwa mikono na watu, akaniona, akawaachilia.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya chini, "kwa nini umesema ni wewe? Ni mimi niliyeiharibu. Nilifanya makusudi."

Alinitazama kwa upole ule ule wa zamani, ule wa kukupa pole. Peni ikapanda mpaka kwenye jino.

"Gitaa ni la nani?"

Watu walikuwa wamesimama nyuma yake, wanasubiri kupita.

"La Mwalimu," nikajibu.